Bure si Huria: Kuanzisha Kazi Ndogo ya Kompyuta Yangambi

Neno la kwanza kutuharibia kazi lilikuwa "bure". Ilikuwa Yangambi, katika mwezi wetu wa kwanza wa biashara, na mimi mwenyewe ndiye niliyelitamka. Nilikuwa mbele ya mama katibu wa shule moja ya sekondari, nikamwambia kwa furaha, "Mama, programu hizi zote ni bure." Mama yule akaitazama flashi iliyokuwa mkononi mwangu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, ni kweli sisi hapa tuna shida. Lakini bado hatujafika kuokota vya bure." Tukatoka bila kazi.

Njiani yaya wangu, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe unayesoma lugha, tafuta neno jingine."

Makala haya ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa wenzangu wa kitivo wanaoniuliza: mtu anaanzaje kazi ndogo ya kuwasaidia watu wenye kompyuta, akitumia programu huria, bila mtaji mkubwa, mahali kama kwetu? Mimi si mhandisi. Yaya ndiye fundi. Mimi humsaidia wakati wa likizo, na nyakati nyingine ni mbeba mizigo wake. Nitaeleza tuliyoyafanya, pamoja na pale tulipokosea.

Yangambi na mashine zake

Yangambi iko ukingo wa kulia wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukifuata maji kuelekea magharibi. Wageni wanaijua kwa sababu ya kilimo. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, na kituo chake kikuu kikajengwa hapa. Leo kituo hicho ni cha INERA, taasisi ya taifa letu. Kuna hifadhi ya msitu, kuna nyumba inayotunza mimea iliyokaushwa, kuna watafiti wanaokuja na kuondoka. Penye utafiti pana takwimu, na penye takwimu pana kompyuta. Ongeza shule, vituo vya afya, parokia, vyama vya wakulima, na vijana wenye meza, printa na paneli ya jua wanaowachapia watu barua. Ukizihesabu mashine zote hizo utashangaa.

Mafundi ndio haba. Kompyuta ikifa, inafungwa katika mfuko wa plastiki na kupelekwa Kisangani kwa pikipiki au kwa mashua ya mbao yenye injini. Inakaa huko majuma. Ikirudi, pengine imepona, pengine imepungua kitu. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolitambua ni kwamba hatuhitaji kuwashinda mafundi wa mjini kwa ujuzi. Tunawashinda kwa kuwa karibu.

Yaya alianza kwa kuandika katika daftari kila ugonjwa aliouona. Baada ya miezi miwili orodha ilikuwa fupi ajabu. Wa kwanza ni virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda zako na kukuachia vijipicha vya njia ya mkato. Wa pili ni programu za wizi, nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo huja zimebeba wadudu na hazipati masahihisho. Wa tatu ni uzee. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Wa nne ni betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya mashine: ikiisha, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka, na tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu mashine inaamini hati zao za usalama hazijaanza kutumika. Betri hiyo inauzwa bei ya soda. Watu wamewahi kuuza kompyuta nzima kwa sababu yake.

Mtoto wa mgomba

Programu huria ni nini? Kwa wenyeji wa Yangambi sianzi tena na historia ya Marekani. Naanza na mgomba.

Wataalamu wa ndizi duniani wanaijua aina moja inayoitwa Yangambi Km5, inayosifiwa kwa kuustahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Jina la kwetu limesafiri pamoja na mmea. Mgomba umesafirije? Kwa machipukizi. Ukimpa jirani mtoto wa mgomba, wako haupungui. Jirani ataupanda, atautazama unavyokua, ataupeleka penye kivuli au penye jua, na kesho atampa shemeji yake. Lakini kuna mtu anayejua kuchimba shimo, kuchagua chipukizi lisilo na funza, na kupogoa kwa wakati. Huyo ukimwita shambani kwako, unamlipa. Unalipia mkono wake. Chipukizi lilikuwa zawadi.

Ndivyo ilivyo programu huria. Mwandishi wake anautoa hadharani msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, na leseni yake inakupa ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuwagawia wengine, na kuibadilisha. Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL inayozilinda ruhusa hizo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, akatoa kiini cha mfumo wa Linux. Debian ilianza mwaka 1993, LibreOffice mwaka 2010. Leseni hizi hazikatazi kupokea pesa. Zile kama GPL zinakukataza kumfungia mwenzako kile ambacho wewe ulifunguliwa.

Hapo ndipo neno langu lilipokuwa limekosea. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu aliye huru, na watu wa programu wamepata taabu miaka mingi kuzitenganisha maana hizo. Sisi hatuna taabu hiyo: tuna "bure" na tuna "huria". Ila "bure" yetu ina mzigo mwingine. Kazi bure ni kazi isiyo na faida. Mtu bure ni mtu asiyefaa. Kilingala, ambacho ndicho kinachosikika zaidi sokoni Yangambi, kinagawa vizuri: ofele ni kisicholipiwa, mpamba ni kisicho na maana. Mimi nilitaka kusema ofele. Mama katibu alisikia mpamba.

Tulichokuwa tunauza

Tukabadilisha maneno. Siku hizi tunasema, "Programu ni ya huria, hakuna wa kukudai kwa ajili yake. Malipo ni ya kazi yetu na ya kurudi tukiitwa." Sentensi hiyo moja imetuingizia wateja kuliko kibao tulichochora.

Jambo hili si la maskini peke yao. Kampuni ya Red Hat, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1993, ilijengwa juu ya Linux ambayo mtu yeyote angeweza kuipata bila kulipa. Iliuza uangalizi: masahihisho, ushauri, mtu wa kupigiwa simu. Mwaka 2019 IBM ilimaliza kuinunua kwa dola bilioni 34. Sisi hatufiki hata kwenye kivuli cha tarakimu hiyo, lakini mantiki ni ileile. Mteja hatulipi kwa sababu tuna kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Anatulipa ili alale usingizi.

Tuliweka huduma tatu. Ya kwanza ni matibabu ya siku moja: kuondoa virusi, kubadilisha betri, kusafisha vumbi. Ya pili ni kuhamisha mashine kwenye Linux, pamoja na saa nne za mafunzo ambazo haziondolewi katika bei, hata mteja akisema hazihitaji. Ya tatu ni makubaliano ya mwezi: tunapita mara mbili, tunanakili kazi zote kwenye diski ya nje, tunaangalia afya ya mashine, na tukiitwa tunakuja. Hii ya tatu ndiyo inayolisha biashara. Kazi za siku moja huja kama mvua, leo nyingi, kesho hakuna. Makubaliano ya mwezi ni kisima. Anayeanza leo nitamshauri atafute visima vitatu kabla ya kukodi chumba.

Kazi iliyotujengea jina ilikuwa ndogo. Mwanafunzi mmoja alikuja analia, flashi mkononi. Tasnifu yake ilikuwa humo, siku ya kuiwasilisha imekaribia, na kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Fundi fulani alikwisha kumwambia kwamba kila kitu kimefutwa. Yaya aliichomeka flashi katika mashine yenye Linux, na faili zote zikaonekana palepale, maana virusi vile huwa vimeziweka tu katika hali ya kufichwa, na havikuandikwa kwa ajili ya Linux. Tukazinakili, tukaisafisha flashi, tukamrudishia. Ilichukua dakika kumi. Zingekuwa zimefutwa kweli, tungejaribu PhotoRec, programu huria ya kufufua faili, na hiyo huenda ingekula usiku mzima bila ahadi ya kufaulu. Yaya alimtoza kidogo, kisha akamkalisha na kumfundisha kuweka nakala mahali pawili. Mwezi uliofuata wanafunzi wenzake watano walikuja.

Vifaa vya kuanzia

Mtaji wetu ulikuwa kompyuta mbili za mkononi zilizotumika, paneli ya jua na betri yake, diski ya nje, flashi sita, bisibisi za saizi ndogo, brashi ya rangi ya kufutia vumbi, na pakiti ya betri za mviringo. Kilichobaki ni mpango wa kuishi mbali na intaneti nzuri.

Mafunzo mengi ya Linux yanadhani mtandao haukatiki. Kwetu kila megabaiti inanunuliwa. Kwa hiyo mimi nikiwa Kisangani ndiye mchota maji: usiku, mahali penye mtandao mzuri, napakua kila kitu kwenye diski ya nje, kisha diski inasafiri. Debian inafaa kwa hili kwa sababu hutolewa pia kama diski kamili zenye maelfu ya programu, hivyo unaweza kusakinisha printa, kamusi na michezo ya watoto bila kugusa mtandao. Kwa mashine zenye kumbukumbu ya giga 2 tunatumia sura nyepesi kama Xfce au LXQt. Pia tunabeba Kiwix, programu huria inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia nzima bila intaneti. Tuliiweka katika kompyuta moja ya shule, na walimu wakaanza kubaki baada ya masomo.

Flashi moja kati ya zile sita ina Linux inayojiendesha yenyewe, bila kusakinishwa. Hiyo ndiyo maikrofoni yetu. Tunaichomeka katika kompyuta ya mteja, mashine inawaka, anacheza nayo, tunaichomoa, na Windows yake iko palepale haijaguswa. Mtu haamini maneno. Huamini kidole chake kikibonyeza.

Siku niliyoharibu

Sasa aibu yangu. Baada ya miezi kadhaa mama katibu yule alituita mwenyewe. Kompyuta yake ilikuwa inazimika kila saa. Yaya hakuwapo, nikaenda peke yangu, nimejaa bidii. Nikanakili kazi zake, nikaifuta Windows yote, nikaweka Debian na LibreOffice. Mashine ikaenda kasi kama mpya. Nikapokea shukrani, nikaondoka.

Juma lililofuata lilikuwa la matokeo. Faili lake la alama lilikuwa limetengenezwa miaka ya nyuma na mwalimu aliyehama, limejaa amri ndogo za kujiendesha zilizoandikwa kwa ajili ya Excel. Katika LibreOffice nyingine zilifanya kazi, nyingine zilinyamaza. Wastani wa wanafunzi ulitoka mtupu. Barua za prefe nazo zikaruka kurasa, kwa sababu mwandiko wa Times New Roman haukuwamo. Mama yule alikesha usiku wawili akipiga hesabu kwa kalamu. Aliponiona hakupaza sauti. Alinionyesha tu vidole vyake vilivyojaa wino.

Nilijifunza mambo matatu kwa wino ule. Kwanza, kabla ya kugusa mashine, muulize mtu siku yake ilivyo: anafungua nini asubuhi, anampelekea nani, tarehe gani haiwezi kusogea. Pili, usifute. Weka mifumo miwili bega kwa bega, kila mmoja na sehemu yake ya diski, hadi mteja mwenyewe aseme hauhitaji ule wa zamani. Tatu, jua mipaka ya dawa yako. Zipo programu za uhasibu zinazotaka Windows tu, zipo printa zisizoelewana na Linux. Fundi mkweli husema, "Hii ibaki ilivyo." Kuhusu mwandiko, tiba ipo: Liberation Serif ilichorwa ili upana wa herufi zake ulingane na Times New Roman, na Carlito vilevile kwa Calibri. Ukiziweka, kurasa hutulia. Ningelijua hilo siku ile.

Yaya alirudi, tukakaa siku tatu kwa mama katibu tukiandika upya faili la alama kwa kanuni za kawaida, bila zile amri. Hatukumtoza. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya ofele kwa haki.

Lugha ni nusu ya kazi

Nilipoanza nilidhani mimi ni mbeba mizigo. Leo yaya anasema nusu ya kazi ni yangu, kwa sababu wateja wengi hawashindwi na mashine. Wanashindwa na maneno yaliyoandikwa juu yake.

Kompyuta zetu zinazungumza Kifaransa. Mzee mmoja wa chama cha wakulima hakuwa akihifadhi kazi zake kamwe, kwa sababu neno la kuhifadhi, "Enregistrer", yeye alilijua kwa maana ya kuandikishwa ofisini, na hakutaka kuandikishwa popote. Mwingine aliogopa "Quitter", akidhani kompyuta inamfukuza. Nikaanza kutengeneza karatasi za ukurasa mmoja: upande mmoja neno la Kifaransa kama linavyoonekana kwenye kioo, upande wa pili Kiswahili, na chini yake Kilingala. "Weka kazi yako." "Funga faili, usizime mashine." "Nakala mbili, nyumba mbili." Karatasi hizo zimebandikwa ukutani katika ofisi ambazo hata hatuzihudumii.

Wametutangulia wengine katika njia hii. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi: hawakuhitaji kumsubiri mwenye kampuni aamue kama Waswahili ni soko. Kazi ile ilidai mamia ya maneno yaamuliwe, na hiyo si kazi ya fundi peke yake. Ni kazi yetu. Katika madarasa tunabishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi. Ubishi ni mzuri, lakini mahali pa kuupima ni mbele ya mzee mwenye kidole kinachotetemeka juu ya kibonyezo. Neno analolishika bila kuuliza mara ya pili ndilo lililoshinda.

Karatasi za serikali na mwisho

Kuhusu sheria nitasema machache. Nchi yetu ilianza kufuata sheria za biashara za OHADA mwaka 2012, nazo zina nafasi kwa mtu anayeanza peke yake, anayeitwa kwa Kifaransa entreprenant: yeye hutoa tamko, bila mlolongo wa kuandikisha kampuni. Kwa biashara ndogo kuna pia patente, ambayo kila mwenye duka anaijua. Tengeneza karatasi hizo mapema, kabla hujapata mteja mkubwa, kwa kuwa shule au mradi hauwezi kukulipa kwa mwezi bila risiti yenye jina.

Likizo iliyopita mama katibu alinipigia simu. Shule jirani ilikuwa inatafuta fundi, na yeye alikuwa ametuelekeza. Nikamuuliza aliwaambia nini kutuhusu. Akacheka, akasema, "Nimewaambia programu zenu ni za huria, na ninyi wenyewe mna bei."

Yaya aliposikia alinitazama, akasema, "Umelipata neno." Kisha akanipa diski ya nje niipakie mzigo, mashua ilikuwa inaondoka alfajiri.